Maji Mazito ya Waruguru

Waruguru alizaliwa Othaya, lakini Kitengela ndiyo iliyomlea. Mama yake alimleta akiwa bado msichana wa shule, wakati mji wenyewe ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na vumbi lisiloisha, wakaanza kuuza matunda na mboga juu ya meza ya mbao. Mama alipokufa meza ikawa ya Waruguru. Kila jioni alibaki na mapera yaliyobonyea na plamu zilizopasuka, na alikuwa mtu wa kuona uchungu kutupa chakula. Ndipo akajiunga na kikundi cha akina mama kanisani, ambako mwanamke mmoja aitwaye Kalekye aliwafundisha kupika jamu.

Kalekye ndiye aliyempa neno pektini. Alisema ndani ya matunda na mboga mna kitu kama gundi, ndicho kinachoshikanisha nyama yake isiporomoke. Tunda bichi linayo tele, kwa hiyo ni gumu. Likianza kuiva, gundi inalegea. Likiiva kupita kiasi, gundi imevunjika na tunda linabonyea mkononi. Jamu huganda kwa sababu ya gundi hiyo, ikipata sukari ya kutosha na uchachu kidogo.

"Mapera iko nayo mingi," Kalekye aliwaambia, "na ile nyeupe ya ndani ya ganda la chungwa. Ukitaka kujua kama juisi yako iko na pektini, weka kijiko moja kwa glasi ya spiriti. Ikishikana donge, pika. Ikibaki maji, usijisumbue."

Basi Waruguru akaacha kuuza matunda, akawa anayanunua. Alipika kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba, akajaza chupa, akabandika karatasi alizoandika kwa mkono wake. Watu walimzoea. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mcheshi, mwenye mikono iliyonuka sukari iliyoungua hata siku ya Jumapili.

Parmuat alikuja kwenye meza yake siku moja akitoka soko la mifugo. Alikuwa dalali wa ng'ombe, Mmaasai wa Kimuka, mrefu, wa maneno mengi. Alinunua chupa ya jamu ya mapera bila kujua ni kitu gani, akaifungua palepale, akaanza kuila kwa kidole akiwa amesimama. Alipofika nusu akauliza, "Hii inaliwa na nini?" Waruguru alicheka mpaka akashika meza. Mwaka uliofuata walioana.

Nyumba yao ilikuwa nyumba ya Kiswahili. Waruguru hakujua Kimaa zaidi ya salamu, maji, maziwa na majina ya rangi za ng'ombe. Parmuat naye Kikuyu chake kilikuwa cha kununulia viazi. Walipendana, wakagombana na kumlea binti yao Yvonne kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimepungua. Jioni Parmuat alirudi, akaketi mlangoni, akaletewa chai yenye maziwa mengi. Alikunywa kikombe baada ya kikombe akisimulia nani amemdanganya nani huko sokoni. Yvonne alikua, akaolewa, akahamia Tuala. Wakabaki wawili, na simulizi hazikukatika.

Zilikatika asubuhi moja huko Isinya. Parmuat alikuwa amesimama kwenye zizi la mnada akibishana bei ya fahali, watu wakaona mdomo wake umeenda upande. Alijaribu kuendelea kubishana. Kisha mguu wa kulia ukamwacha, akaanguka juu ya samadi.

Walimpeleka hospitali Kajiado. Hakufa. Waruguru alimshukuru Mungu kwa hilo, tena kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama alishukuru mapema mno.

Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Kiswahili nacho kilikuwa kimeondoka chote. Waruguru alimwambia, "Parmuat, ni mimi," naye akamtazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Maneno machache aliyobaki nayo yalikuwa ya Kimaa, yamevunjika vipande, ya utotoni. Neno lililotoka sawasawa kuliko yote lilikuwa *enkare*. Maji.

Walipofika nyumbani alimpikia chai, akamkalisha kwa mito, akamwekea kikombe mdomoni. Parmuat alikunywa kwa pupa, na papo hapo akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi, machozi yakamtoka, chai ikarudi puani. Baada ya siku chache alikuwa na homa, na kifua kilisikika kama maji yanayochemka ndani ya chungu. Wakarudi Kajiado.

Huko ndiko walikokutana na Mwongeli, mtaalamu wa kusema na kumeza, msichana mpole aliyevaa raba. Alimgusa Parmuat kooni kwa vidole viwili, akampa maji kidogo kwa kijiko, akasikiliza. Kisha akamvuta Waruguru kando.

"Mama Yvonne, kiharusi kimeharibu pale mahali pa kumeza. Maji ni mepesi sana, yanakimbia kabla koo haijajifunga. Yanaenda kwa mapafu. Ndiyo amepata hii nimonia."

"Sasa asikunywe?"

"Akunywe, lakini mazito. Kila kitu. Maji, chai, supu. Iwe inashuka kwa kijiko pole pole kama asali. Maji mepesi usimpatie hata akilia."

"Hata akilia," Waruguru akarudia.

Walipewa mkebe wa unga wa kufanya vinywaji viwe vizito. Ulipokwisha, duka la dawa lililouleta likasema hawajui utakuja lini. Waruguru akageukia uji, lakini Parmuat alikohoa vilevile. Mwongeli alimweleza kwa simu: unga wa nafaka huanza kuvunjwa na mate, uji ulio mzito kwenye kijiko unakuwa mwepesi ukikaa mdomoni, na Parmuat alikuwa akikaa na kila tonge mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza.

"Kuna vitu mate haiwezi kuvunja," Mwongeli alisema. "Kuna ile inaitwa pektini, sijui kama unaijua."

Waruguru aliketi chini na simu sikioni.

Kesho yake alfajiri alikuwa sokoni, akichagua mapera mabichi, yale magumu ya kijani ambayo wauzaji wenyewe walikuwa wameyaweka kando. Aliyakata vipande na maganda yake na mbegu zake, akayafunika kwa maji, akayachemsha taratibu, akayachuja kwa kitambaa bila kukamua, kisha akachemsha ule mchujo mpaka ukapungua. Alitia kijiko kimoja kwenye spiriti. Donge likashikana, gumu, lenye kung'aa. Akauchanganya ule ute na maji safi na kuinua kijiko juu. Maji yakashuka polepole kama uzi.

Alimnywesha Parmuat akiwa ameshikilia pumzi yake mwenyewe. Koo ikapanda, ikashuka. Wakangoja. Hakukohoa. Akampa tena, na tena, mpaka kikombe kikaisha. Waruguru alitoka nje akalia nyuma ya nyumba akiwa ameficha uso kwenye aproni. Tangu siku ile ya Isinya hakuwa amelia kwa furaha. Alimpigia Yvonne na Mwongeli, akampigia hata wifi yake Nalangu huko Kimuka.

"Nimepata maji ya kumpatia," alimwambia kila mmoja.

Furaha hiyo haikufika hata mwisho wa mwezi.

Parmuat aliyachukia maji yale. Mwanzoni alimeza kwa sababu ya kiu. Baadaye alianza kuyaacha mdomoni, yakachuruzika kidevuni. Yalikuwa na uchachu wa mapera, yalikuwa vuguvugu, na hata Waruguru alipoyaonja mwenyewe alikiri kwamba hayakati kiu. Yanapita tu kama kamasi, na ulimi unabaki mkavu. Chai ndiyo ilimvunja moyo kabisa. Alipotia ute wa mapera kwenye chai ya maziwa, uchachu ule ulikata maziwa, yakawa mabonge meupe yanayoelea. Parmuat alitazama ndani ya kikombe kile, kisha akamtazama yeye.

Alijaribu nyeupe ya machungwa; ikawa chungu. Alijaribu bamia, akazilowesha usiku kucha na kuchuja ute wake, na chai ile haikukatika. Ilikuwa nzito vizuri sana, na ilipovutika kutoka kijikoni Parmuat alitapika kabla haijamgusa mdomo. Alijaribu karoti zilizopondwa na malenge. Jiko alilopikia jamu miaka yote hiyo sasa lilikuwa limejaa sufuria za ute. Hakupika tena jamu. Wateja waliokuja mlangoni aliwarudisha.

Parmuat alikonda. Ngozi ya mikono yake ikivutwa ilibaki imesimama. Na mchana kutwa, katika chumba kile, lilikuwa neno moja.

"Enkare."

"Ndiyo hii, baba Yvonne. Maji ndiyo hii."

"Enkare," alisema, akiusukuma mkono wa mkewe kwa mkono wake wa kushoto.

Ikafika wakati akimwona tu anaingia na kikombe anafunga mdomo na kugeuza uso ukutani. Yvonne akija siku ya Jumamosi, alimfungulia mdomo. Jirani akija, alimfungulia. Mkewe hakumfungulia. Waruguru alielewa: mumewe hakuwa tena na lugha ya kuelezwa, na kwa jinsi alivyoona yeye, kulikuwa na mwanamke mmoja katika nyumba hii anayemnyima maji.

Nalangu alikuja kukaa nao wakati huo. Alikuwa dada mkubwa wa Parmuat, mjane, mwanamke wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Aliketi kando ya kitanda, akazungumza na ndugu yake kwa Kimaa, na Parmuat akajibu. Vilikuwa vipande tu, lakini alijibu. Waruguru alisimama mlangoni akiwasikiliza, na wivu uliomshika aliuonea aibu.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Anasema iko kiu."

"Kitu kingine?"

Nalangu alimfunika ndugu yake blanketi vizuri. "Anauliza amekosea nini."

Waruguru alirudi jikoni akaendelea kukata mapera, maana hakujua mikono aiweke wapi.

Mvua za msimu ule zilikosekana, na mapera mabichi yakaadimika sokoni. Aliyopata yalikuwa ya njano, laini, matamu. Aliyachemsha akijua. Kwenye spiriti yalitoa nyuzi chache tu, zikakatika. Akachemsha mchujo ule mpaka ukapungua kabisa, na ulipopoa ulionekana mzito, akajiambia utafaa. Lakini aliupasha moto kabla ya kumnywesha, kwa sababu asubuhi ilikuwa ya baridi, na ute ukipashwa moto hulegea. Alimbembeleza sana Parmuat siku hiyo, akamfungua midomo kwa kijiko. Safari hii alimeza, kisha akakohoa.

Homa ilirudi ndani ya siku mbili.

Kule Kajiado walimwekea mpira wa puani, akaung'oa kwa mkono wa kushoto. Wakamwekea mwingine, akaung'oa pia. Daktari alisema kuna njia ya kupasua tumbo na kupitisha chakula hapo, lakini moyo wa Parmuat ulikuwa dhaifu mno, hangethubutu kumpa dawa ya usingizi. Waruguru alimtafuta Mwongeli, akamkuta kwenye benchi la nje.

"Ni mimi," alimwambia. "Mapera ilikuwa imeiva. Nilijua imeiva."

Mwongeli alimshika mkono. "Mama, sikiliza. Hata kama hiyo siku hungempatia kitu, bado angeugua. Mate yake mwenyewe yanaenda kwa mapafu akiwa amelala. Hakuna mtu anaweza kufanya mate ya mtu yakuwe mazito."

"Kwa hivyo hii kazi yote?"

"Imesaidia. Imemwongezea miezi."

Alisema kwa kumfariji. Waruguru aliifikiria ile miezi, mmoja baada ya mwingine, uso wa mumewe ukiwa umeelekea ukutani, na akatamani msichana yule asingelisema.

Walirudishwa nyumbani. Siku moja mchana Waruguru alitoka kwenda soko la Kitengela kutafuta mapera, akakosa, akarudi mapema kuliko kawaida. Alipoingia alimkuta Nalangu amemwinua Parmuat kifuani pake kama mtoto, na mkononi ana kikombe cha maji. Maji matupu, ya mtungi, meupe. Parmuat alikuwa amefumba macho. Alikunywa, akakohoa, akapumzika, akakitafuta kikombe tena kwa midomo.

"Nalangu! Unamuua!"

Nalangu hakushtuka. Alimfuta ndugu yake kidevu.

"Huyu anakufa, Mama Yvonne. Wewe pia unajua."

"Daktari amesema…"

"Nimesikia daktari. Lakini mimi nasikia huyu pia, wewe humsikii. Kila siku anauliza hii nyumba imekuwaje, hakuna mtu wa kumpatia maji. Wewe unamlisha gundi."

"Hiyo gundi nimeipika na mikono yangu!" Waruguru alipiga kelele. "Nimechomeka nayo! Nani ameamka asubuhi? Ni wewe? Ulikuwa wapi?"

"Sijasema humpendi," Nalangu akajibu taratibu.

Waruguru aliketi sakafuni palepale na kikapu chake kitupu. Kitandani Parmuat alikohoa kidogo, akatulia. Uso wake ulikuwa umelegea, nao ulifanana na uso aliokuwa nao zamani akiketi mlangoni jioni. Waruguru alikuwa hajauona kwa muda mrefu hata akawa amesahau kwamba upo.

Usiku kucha aligeuka-geuka. Asubuhi alimwaga sufuria zote shimoni, akazisugua, akazipanga. Nalangu alikuwa ameenda Kimuka kuangalia mbuzi wake. Nyumba ilikuwa kimya. Waruguru alijaza kikombe maji, akaingia chumbani, na alipomkaribia mumewe akamwona anaanza kugeuza uso.

"Hapana," alimwambia. "Angalia. Enkare."

Alitikisa kikombe ili asikie yanavyocheza ndani, mepesi. Parmuat akageuka. Alitazama maji, akamtazama yeye, akafungua mdomo.

Alimpa kidogo kidogo. Kila alipokohoa alimpigapiga mgongoni na kungoja. Hakukuwa na amani katika jambo lile. Alijua alichokuwa akifanya, na kila funda aliona linakwenda wapi. Lakini Parmuat alikunywa, na alipotosheka aliuweka mkono wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wa mkewe. Kisha akasema kitu, tena si neno moja. Alisema kwa muda mrefu, kwa Kimaa chake kilichovunjika, kwa sauti ya chini, akimtazama usoni moja kwa moja, kama zamani alipokuwa akimsimulia habari za soko. Alipomaliza aliinua nyusi kidogo, akangoja jibu.

Waruguru hakuelewa hata kidogo.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, baba Yvonne."

Parmuat alimtazama bado. Labda "ndiyo" halikuwa jibu alilolingojea. Baadaye akafumba macho.

Homa ilimshika wiki hiyo hiyo. Hawakumrudisha hospitali. Yvonne alikuja, Nalangu akarudi, na Parmuat akafa mchana, wote watatu wakiwa chumbani, bila kusema neno jingine la maana.

Baada ya maziko huko Kimuka, watu walipokwisha kuondoka, Waruguru alimvuta Nalangu kando ya zizi. Alijaribu kumrudilia yale maneno ya Parmuat. Alikuwa ameyakariri sauti zake tangu siku ile, akiyasema moyoni kila alipoosha kitu, ili yasimpotee. Aliyasema yote, kwa mpangilio aliodhani ndio, na mahali pa kuinua sauti aliinua.

Nalangu alisikiliza ameinamisha kichwa. Akamwomba arudie. Akarudia.

"Hapo kuna 'maji'," Nalangu alisema mwishowe. "Na hapo kuna 'wewe'. Hiyo ingine…" Akatikisa kichwa. "Hiyo si Kimaa, Mama Yvonne. Labda umeibadilisha ikikaa kwako. Labda alisema hivyo mwenyewe."

"Alikuwa ananishukuru ama alikuwa ananilaumu?"

"Sijui."

"Sema tu moja."

"Nikisema nitakuwa nimedanganya," Nalangu akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Yvonne alimchukua mama yake kwenda Tuala. Alimpa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa. Waruguru hasumbui mtu. Anakula akiwekewa, anaoga akiambiwa, na wajukuu wakimwongelesha huwajibu vizuri. Jirani mmoja, Caro, amejaribu kumpeleka kwenye kikundi cha akina mama wa pale, akarudi naye kabla hawajafika getini. Siku nyingi hushinda kitandani ameelekea ukuta, na midomo yake inacheza polepole bila kutoa sauti, na Yvonne akiingia na kumuuliza anasema nini, husema hasemi kitu.